Usiku ng'ombe 38 wa jirani walipovunja zizi: nilivyojifunza kuswaga nikiwa sijawahi kushika hata fimbo

Mwana wa Newala (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Huwa nasoma tu nyuzi za wengine, siandiki. Huu nauandika kwa sababu tangu wiki iliyopita nikifumba macho nasikia kwato. Tena huku kwetu kusini wakulima wengi sasa tunaishi jirani na ng'ombe, na hakuna aliyetufundisha ukikutana na kundi gizani usimame wapi.

Mimi ni wa Newala. Waliofika kule juu kwenye uwanda wa Makonde wanajua shida ya maji ilivyo, yanapandishwa kwa mashine kutoka bondeni, na ng'ombe si mnyama wa kumkuta mlangoni kwa kila mtu. Nyumbani tulikuwa na kuku, na mbuzi wawili wa kufungwa kamba. Mwaka jana mjomba wangu, kaka yake mama, akaniita nikashike naye shamba la ufuta bonde la Mbwemkuru, upande wa Lindi. Kwetu mjomba akikuita, unafunga begi.

Jirani yetu wa karibu ni boma la Wasukuma. Ukitoka kwenye dungu letu unavuka korongo, unapita mihogo ya mama mmoja mjane, unafika. Wao ni katika wale waliohamishwa Ihefu, kule Mbeya, mwaka 2006 na 2007, wakashuka na mifugo yao mikoa ya Pwani na Lindi. Wazee wa Kimwera pale kijijini wananiambia kabla ya hapo ng'ombe wengi namna hii hawakuwaona. Pori la huku ni la mbung'o, na ng'ombe akiumwa na mbung'o anaweza kukonda mpaka akafa. Mzee wa boma mwenyewe aliniambia mwaka wa kwanza tu alizika wanyama mpaka akatamani kurudi alikotoka.

Niseme na la upande wetu, maana bila hilo uzi huu hautaeleweka. Kabla mimi sijaja, ng'ombe wa boma lile waliingia kwenye mbaazi za mjomba. Shauri likapelekwa ofisini, likapigwa danadana, njoo kesho, njoo Jumatatu, mpaka mbaazi zilizobaki zikavunwa na mwenye kupima hasara hakuna cha kupima. Tangu siku hiyo mjomba akawa hapiti njia ya boma. Wakikutana kisimani, kila mmoja anaangalia ndoo yake.

Sasa usiku wenyewe. Ni Juni, ufuta umeshakatwa, umefungwa matita na kusimikwa kwenye vichanja ukauke. Wanaolima ufuta wanajua wakati huo roho inavyokuwa juu. Ganda likikauka linafunguka kwa juu, ndiyo maana tita linasimamishwa wima. Likiangushwa, punje zinamwagika mchangani na haziokoteki. Kwa hiyo nilikuwa nalala kwenye dungu.

Kama saa tatu usiku nikasikia fisi upande wa boma. Mara ya kwanza mbali, mara ya pili karibu. Halafu mbwa wa boma wakalipuka, halafu kishindo, kama lori linashusha mawe. Watoto wakapiga ukunga. Mjomba alikuwa chini kwenye moto. Akasema, "Ng'ombe wa watu hao wametoka. Wenye mali watawatafuta." Nikamwambia, "Mjomba, wakifika hapa ufuta hautauliza ni wa nani." Hakujibu. Nikachukua tochi, nikateremka, nikaenda.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo bado linaniuma.

Nilivuka korongo nikawakuta kwenye uwazi, wamesimama. Wamesimama kabisa, wakuu. Wengi wao walikuwa wameshatulia, macho yanang'aa kijani kwenye tochi. Nikaona hii ndiyo nafasi. Nikazunguka nyuma yao mbio, namulika, napiga kelele "haya! haya!" kama nilivyoona watu wanafukuza nyani. Kundi likapasuka vipande viwili. Kubwa likaenda upande wa mto. Dogo, kama ng'ombe 11, likashika njia niliyotoka mimi, njia ya korongo, njia ya ufuta wetu. Mmoja akapita karibu yangu kiasi cha kunipaka jasho lake begani.

Kijana wa boma akanifikia anahema. Mdogo kwangu, labda miaka 16. Hakunitukana. Alisema tu, "Kaka, zima tochi. Tafadhali zima tochi."

Mzee wa boma akaja nyuma yake, anatembea. Nilishangaa kwamba anatembea. Mali yake yote iko gizani, fisi yuko karibu, yeye anatembea kama anaenda msibani. Nikamsalimia palepale, shikamoo mzee, akaitikia marahaba, akanishika mkono akanivuta pembeni. Akaniambia maneno ambayo nimeyaandika kwenye daftari la shamba nisije nikayasahau, na nayaweka hapa kadiri nilivyoyashika.

Ng'ombe anaona karibu pande zote. Asikokuona ni nyuma kabisa, mkiani. Ukija kutokea huko anasikia kitu asichokiona, na usiku kitu asichokiona ni fisi. Kwa hiyo jitokeze ubavuni, akuone, umpe sauti ya chini. Halafu kuna bega. Ukisimama nyuma ya usawa wa bega lake, anasogea mbele. Ukipita mbele ya bega, anasimama au anageuka. Kazi yote iko kwenye hatua mbili tatu za kwenda na kurudi pale begani. Fimbo unaishika ili mkono wako uonekane mrefu. Na kila ng'ombe ana mpaka wake. Ukimkaribia, atainua kichwa na kukugeuzia masikio yote mawili. Hapo umefika mpakani, ukiongeza hatua anaondoka. Kama hutaki aondoke, rudi nyuma kidogo. "Ukimwondokea," mzee alisema, "anakushukuru kwa kutulia."

Wale waliokwenda upande wa mto alituma vijana wawili wawazungukie mbali, mbali sana, wasiwafuate kwa nyuma, wakatokee mbele yao. Sisi tukarudi kwa wale 11.

Tulipofika kwenye korongo nikakuta kitu sikukitarajia. Mjomba amesimama kwenye kivuko, mikono ameitanua, kanzu yake ya kulalia inaonekana nyeupe mbalamwezini, na ng'ombe wamesimama ng'ambo wanamwangalia. Korongo lile lina kivuko kimoja tu ambacho mnyama anaweza kupanda, kwingine kingo zimekatika. Mjomba alisikia kishindo kinakuja, akajua kitakapopita, akaenda kuziba. Hakuwa na fimbo wala tochi.

Mzee wa boma akamwambia kwa sauti ya chini, "Jirani, usisogee. Hapohapo." Mjomba akauliza, "Nikae hivihivi?" "Hivyohivyo." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu shauri la mbaazi.

Tukakaa pale muda mrefu. Kwangu ndiyo ilikuwa sehemu ngumu kuliko zote, kutofanya kitu. Mzee alisema waache wapumue, waanze kutafuta majani, ng'ombe akishusha kichwa kula ujue hofu imepungua. Kukawa na jike mmoja mkubwa mwenye pembe iliyovunjika, akashusha kichwa. Wengine wakafuata. Mzee akaninong'oneza, "Huyo ndiye. Ukimpata huyo umewapata wote." Akaniweka upande wa kulia, nyuma kidogo ya bega la yule jike, yeye akashika kushoto, akaanza mluzi wa chini wa kuvutavuta. Nikapiga hatua moja. Jike akasogea. Nikasimama, naye akasimama. Nikapiga nyingine.

Siwezi kuwaeleza nilivyojisikia. Mnyama wa uzito ule, anasogea kwa hatua yangu moja.

Njia ya kurudi ilikuwa moja tu ya salama, na aliyeijua ni mjomba. Vijana wa boma walitaka kupita moja kwa moja kwenye mihogo. Mjomba akasema hapana, kuna mashimo ya zamani ya udongo wa matofali pale, yamefunikwa na majani, mguu ukiingia umevunjika. Akatangulia mbele kabisa, mbali, akituonyesha njia ya pembeni ya mikorosho. Nataka watu waone jambo hili. Wale wanajua ng'ombe. Sisi tunajua ardhi, shimo liko wapi, kivuko kiko wapi, shamba la nani linaanzia mti gani. Usiku ule, mmoja wetu angekosekana tungevunja miguu ya wanyama au tungelaza mihogo yote ya mama mjane.

Bomani, mama wa boma alikuwa ameshafanya lake. Ndama huwa wanalazwa kwenye kizizi chao peke yao, hawakutoka. Akawatoa wanawe na wakwe zake, wakawasogeza ndama mpaka karibu na mlango wa zizi kubwa. Ndama wakawa wanalia. Nakwambieni, wale ng'ombe wa upande wa mto, ambao vijana walikuwa wanahangaika nao, zaidi ya nusu walirudi wenyewe kwa sauti ile. Tuliwasikia majike wanaitikia kutoka gizani kabla hatujawaona. Wanaume tulizunguka pori zima, na kazi kubwa imefanywa na mama na kanga yake kiunoni pale mlangoni.

Wakahesabiwa wakiingia mmoja mmoja. 37. Anakosekana mtamba, yaani jike ambaye bado hajazaa, mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni.

Hapo ilikuwa karibu saa tisa usiku. Nimeandika kirefu, nisameheni. Tukamtafuta mpaka kulipokucha, na hatujampata hadi leo siku ya tatu. Mwenye kujua tabia ya mnyama aliyebaki peke yake naomba anieleze, maana nahisi nilimpoteza mimi na tochi yangu.

---

Bint Kivinje

Pole sana mkuu, na hongera. Mimi mambo yangu ni mbuzi, na kwa mbuzi hayo ya bega yanakubali nusunusu. Mbuzi akishtuka anatafuta pa juu, kichuguu, ukuta, kitu chochote cha kupanda, na kundi linatawanyika kama mahindi yaliyomwagika. Cha kuwarudisha ni tumbo. Wazoeshe kila jioni kutikisiwa pumba kwenye kopo lilelile. Siku wakitoroka unatikisa kopo, unageuka unaenda zako. Ukiwafuata na kopo wanakukimbia, ukiwapa mgongo wanakufuata.

---

Mchunga wa Nangurukuru

Kijana, mimi ni mfugaji, nimezaliwa Magu, niko huku tangu 2007. Nimesoma neno kwa neno. Mzee wako alikufundisha sawasawa, na niongeze machache.

Moja, tochi. Ng'ombe anaona vizuri gizani kuliko wewe. Ukimmulika machoni unamtia upofu, na aliyetiwa upofu anakimbilia popote. Mulika chini, miguuni pako, wakuone wewe ulipo. Sisi siku za mbalamwezi hatuwashi kabisa.

La pili ni mbwa. Mbwa asiyezoea ng'ombe afungwe. Anawakumbusha fisi.

La tatu usilisahau kamwe. Usisimame katikati ya ng'ombe mama na ndama wake. Hata yule mpole anayekamuliwa na mtoto atakutia pembe.

Sasa mtamba wako. Ng'ombe ni mnyama wa kundi, akibaki peke yake hatulii, anatembea akilia mpaka asikie wenzake. Atafuata maji na atafuata harufu ya ng'ombe wengine. Usitafute porini kwa sasa. Katafute kwenye maboma. Piga simu kwa kila boma lililo upande ambako upepo ulikuwa unatoka usiku ule. Na usijibebeshe lawama yote. Zizi la miba likikauka halimzuii ng'ombe aliyemnusa fisi. Kosa la kwanza ni la zizi, na mwenye zizi analijua.

---

Mwana wa Newala

Asante sana mzee wangu. Upepo ulikuwa unatoka kusini, ng'ambo ya mto. Nitamwambia mzee wa boma leo jioni.

---

Mkulima Kitomanga

Mkuu, nimeupenda uzi, lakini mbona hujasema mihogo na ufuta vililipwa na nani? Tunaomba ukweli wote. Mimi nimeliwa kunde mara mbili na sikuona hata senti. Kila nikienda naambiwa mleteni mwenye ng'ombe, na mwenye ng'ombe anasema si wake. Mnatuambia tusaidiane kuwaswaga, sawa, nani anatusaidia sisi?

---

Mwana wa Newala

Ndugu yangu, swali lako ni la haki na sikulikwepa, niliogopa uzi kuwa mrefu.

Ufuta wetu uliangushwa vichanja viwili, na hiyo ilikuwa kabla mjomba hajaziba kivuko, kuna watatu walitangulia. Mihogo ya mama iliharibiwa mistari kadhaa upande wa korongo. Asubuhi mzee wa boma alikuja mwenyewe kabla hajaitwa. Akaomba tuzunguke naye shambani, yeye, mjomba, yule mama, na mwenyekiti wa kitongoji. Wakatembea mstari kwa mstari, palipoharibika wanachomeka kijiti. Hawakungoja siku ipite hata moja. Mjomba ndiye aliyesisitiza, kwa sababu safari ile ya mbaazi ushahidi ulipotelea kwenye kungoja.

Ufuta wakakubaliana ulipwe kwa ufuta. Boma nalo limelima, kwa hiyo waliukadiria kwa debe na mjomba akapimiwa palepale. Mama wa mihogo alisema hataki fedha, anataka alimiwe. Msimu ujao mvua zikianza, maksai wa boma watamlimia eneo lake kwa plau. Imeandikwa kwenye karatasi, wote wameweka saini, nakala iko kwa mwenyekiti.

Sisemi kila boma litafanya hivi. Kunde zako zinanisikitisha kweli. Ila nimeona mwenyewe tofauti ya kukagua shamba asubuhi ileile na kukagua baada ya mwezi.

---

Daktari wa Mifugo Mstaafu

Nimefanya kazi ya mifugo mikoa hii ya kusini kwa muda mrefu, naomba niongezee jambo ambalo watu hulisahau wakishafunga zizi na kwenda kulala.

Hesabu si mwisho. Mnyama aliyezurura usiku huenda amekula asichozoea. Akiwa ameingia kwenye mahindi makavu na kujaza tumbo, nafaka inachacha ndani, tindikali inapanda, na anaweza kuonekana mzima jioni halafu kesho yake amelala chini hainuki. Angalieni ubavu wa kushoto, ndiko liliko tumbo kubwa. Ukivimba na kukaza kama ngoma, akawa anahema kwa shida, usingoje, muite afisa mifugo. Mafuta ya kula ambayo wafugaji hunywesha husaidia pale gesi inapokuwa na povu, hayamalizi tatizo la nafaka nyingi.

Mihogo michungu nayo ina sumu, na haimo kwenye kiazi peke yake, imo kwenye majani na maganda pia. Aliyekula mingi anaanza kuhema haraka na kuyumba. Kwa huyo ni dakika, si saa.

La mwisho, hao waliokimbilia mtoni wamepita kwenye vichaka vya mbung'o. Wiki chache zijazo, ukimwona yeyote anakonda huku anakula, manyoya yamesimama, homa inakuja na kuondoka, apimwe damu kwa ugonjwa wa nagana. Usimchome sindano ya kubahatisha uliyouziwa gulioni. Dawa ikitumiwa ovyo vimelea vinaizoea, na siku utakapoihitaji haitafanya kazi.

---

Mwana wa Newala

Shikamoo daktari. Kuna jike mmoja kweli alivimba kushoto asubuhi. Vijana walimnywesha mafuta na kumtembeza taratibu, akapona. Hilo la mbung'o nimemsomea mzee wa boma kwa simu, amesema atamwita afisa mifugo wa kata wiki ijayo.

---

Mama Fatuma wa Ruangwa

Mwanangu, mimi sina utaalamu. Nimefurahi tu umemtaja yule mama na ndama. Huwa hawatajwi.

---

Kijana wa Mikindani

Wakuu naomba kuuliza. Je, dume akikukabili? Huku kwetu kuna mtu ana madume mawili na watoto wanapita hapo kwenda shule.

---

Mchunga wa Nangurukuru

Dume mara nyingi hakuvamii bila kukuambia. Kwanza anakugeuzia ubavu, anajikunja shingo, anataka uone ukubwa wake. Halafu anashusha kichwa, anachimba vumbi kwa ukwato wa mbele, anaguna. Ukiona ubavu, ondoka. Usisubiri vumbi. Ondoka kwa kurudi kinyumenyume na kwa mshazari, macho kwake, usimpe mgongo na usikimbie ukiwa bado karibu naye. Elekea kwenye mti, gari, ukuta. Na huyo mwenye madume aambiwe ayafunge saa za shule, kwa heshima, mkiwa wazazi wawili watatu. Asiposikia, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa kabla mtoto hajaumia.

---

Mtendaji Msaidizi

Kwa faida ya wote kuhusu huyo mtamba. Mfugaji aangalie kumbukumbu zake za chapa au hereni. Sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo, namba 12 ya mwaka 2010, ndiyo iliyoweka msingi wa alama hizo, na hapa ndipo zinapofaa. Akionekana kwenye boma la mtu, msiende usiku na msiende na marungu. Nendeni mchana mkiwa na kiongozi wa kitongoji. Na wewe unayemkuta mnyama mgeni kwenye kundi lako, toa taarifa siku hiyohiyo. Ukikaa naye kimya wiki nzima, hata kama uliokota kweli, utaitwa mwizi.

---

Mwana wa Newala

Wakuu, narudi na mrejesho.

Mzee wa boma alipiga simu ng'ambo ya mto kama Mchunga alivyoelekeza. Boma la tatu kupigiwa wakasema, ndiyo, kuna mtamba mwekundu amejileta alfajiri, ana baka jeupe, tumemweka na wetu na tumeshamwambia mwenyekiti wetu. Ana jeraha la mwiba mguu wa nyuma, hakuna kingine.

Jana tulikwenda kumchukua, mzee, yule kijana wake, mwenyekiti na mimi. Hatukumleta peke yake. Wenyeji walitupa majike wawili watulivu wamsindikize mpaka kivukoni, kwa sababu peke yake angehangaika njia nzima. Niliwekwa upande wa kulia, nyuma ya bega. Karibu na maji akainua kichwa, akanigeuzia masikio yote mawili. Nikarudi hatua moja. Akashusha kichwa, akanywa.

Leo asubuhi tumekwenda kulitengeneza zizi. Miba mikavu imetolewa yote, tumekata migunga mibichi na kuongeza nguzo upande ule alikotokea fisi. Mjomba alikuja na shoka lake. Alipofika mlangoni alisimama kidogo, halafu akamsalimia mzee kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Sijui alijifunza lini wala kwa nani. Mzee akaitikia, akampa mtama uliochemshwa kwenye kibuyu, wakaanza kubishana nguzo ya kona iende wapi.